Kiangazi cha Utafiti na Maandalizi ya Masomo ya Uzamili: Mafunzo Kutokana na Kazi ya Mamie Phipps Clark Katika Saikolojia

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya utafiti wa kiangazi katika kumwandaa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya saikolojia kwa masomo ya uzamili na uzamifu nchini Marekani. Mfano mkuu ni wa Mamie Phipps Clark, Mmarekani mweusi aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Howard mnamo 1938, ambaye kiangazi kilichofuata kilimpa mwelekeo wa tasnifu yake. Inadaiwa kwamba zao kuu la kiangazi cha aina hii si cheti wala matokeo yanayovutia. Zao lake ni swali ambalo mwanafunzi anaweza kulisimamia, pamoja na ujasiri wa kuyaandika matokeo jinsi yalivyo. Aidha, makala inaonyesha kwamba swali la saikolojia hubebwa na maneno, na kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi yake katika utafiti huo.

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Marekani, mwaka wa masomo hufikia kikomo mwezi wa Mei na kuanza tena Agosti au Septemba. Miezi hiyo ya kiangazi wanafunzi wengi hutafuta vibarua ili kulipia karo. Wanafunzi wa saikolojia wanaotarajia kuendelea na masomo ya juu hutafuta pia jambo lingine, yaani nafasi ya kufanya kazi ya utafiti chini ya mhadhiri.

Sababu ya jambo hili ni ya kihistoria. Mnamo 1949 wataalamu walikutana mjini Boulder, jimbo la Colorado, kujadili jinsi ya kuwafunza wanasaikolojia wa tiba. Waliafikiana kwamba mtaalamu wa aina hiyo awe mtafiti na vilevile mhudumu wa wagonjwa. Tangu hapo, hata mwanafunzi ambaye nia yake ni kuwasaidia watu wenye matatizo ya akili hutarajiwa kuonyesha kwamba anaelewa namna ushahidi unavyokusanywa na kupimwa. Shahada nyingine ya uzamifu, inayoegemea zaidi huduma kuliko utafiti, ilianza kutolewa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, katika programu za uzamifu zinazofuata mkondo wa Boulder, tajriba ya utafiti imebaki kuwa kigezo kikubwa cha kuwateua wanafunzi.

Kuna dhana iliyoenea kwamba kiangazi cha utafiti ni ngazi tu ya kupandia: mwanafunzi hupata jina la maabara, barua ya mapendekezo na mstari mmoja zaidi katika wasifu wake. Makala hii inapinga dhana hiyo. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Ombi zuri la kujiunga na masomo ya uzamili huundwa, na linachoundiwa ni swali.

2.0 Kazi ya Kiangazi Maabarani

Baadhi ya mipango rasmi ya utafiti wa kiangazi nchini Marekani ilianzishwa katika miaka ya 1980. Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo ulianzisha mpango wake wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza mnamo 1987. Mpango mwingine ulipewa jina la Ronald McNair, mwanafizikia na mwanaanga mweusi aliyefariki katika ajali ya chombo cha Challenger mnamo Januari 1986. Mpango huu wa pili uliwalenga wanafunzi ambao ni wa kwanza katika familia zao kuingia chuo kikuu na ambao hawana uwezo wa kifedha, pamoja na wale wa makundi yenye wawakilishi wachache katika masomo ya juu. Lengo lake lilikuwa kuwafikisha katika uzamifu.

Kwa kawaida kiangazi cha utafiti huchukua wiki 8 hadi 10. Kazi yenyewe haina fahari kubwa. Mwanafunzi huanza kwa mafunzo ya maadili ya utafiti, kwa kuwa haruhusiwi kumhoji mtu yeyote kabla ya mafunzo hayo. Baadaye husoma makala zilizotangulia, huwapigia simu washiriki kupanga saa za kufika, huwasomea maelezo na kuomba ridhaa yao, hurekodi majibu, na kuyaweka katika makundi kwa kufuata mwongozo. Mara nyingi wanafunzi wawili huyapanga majibu yaleyale kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha. Wakitofautiana mno, mwongozo wenyewe huwa na kasoro. Mwishoni mwanafunzi huandika ripoti fupi au kutayarisha bango na kulieleza mbele ya wenzake.

Kazi hizi ndogondogo ndizo zinazomfunza mwanafunzi umbali uliopo kati ya jambo analotaka kulijua na jambo analoweza kulipima. Mamie Phipps Clark alikabiliana na umbali huo kabla mipango hiyo haijakuwepo.

3.0 Kiangazi cha 1938

Mamie Phipps alizaliwa mwaka wa 1917 mjini Hot Springs, jimbo la Arkansas, ambako sheria iliwatenga watoto weusi na weupe katika shule tofauti. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington mnamo 1934 akinuia kusomea hisabati. Kenneth Clark, aliyekuja kuwa mumewe, alimshawishi aingie saikolojia, taaluma ambayo ingemwezesha kushughulika na watoto. Alihitimu kwa heshima mnamo 1938.

Kiangazi hicho hakuingia maabara yoyote. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili ya akina Houston mjini Washington. Charles Houston, aliyekuwa wa familia hiyo, ndiye aliyebuni mkakati wa kuishambulia sheria ya utengano wa shule kupitia mahakama. Hapo Mamie Phipps aliona jinsi mawakili walivyokuwa wakitayarisha kesi za kupinga ubaguzi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwamba utengano, ambao kwake ulikuwa hali ya kawaida ya maisha, ulikuwa jambo linaloweza kushtakiwa na kuondolewa.

Kuanzia hapo swali lake lilichukua umbo. Ikiwa utengano ni madhara, basi madhara hayo yanampata mtoto lini, na yanaonekana wapi? Katika masomo ya uzamili yaliyofuata, palepale Howard, aliwachunguza watoto weusi wa shule za chekechea mjini Washington. Tasnifu yake, aliyoikamilisha mnamo 1939, ilihusu jinsi mtoto wa umri huo anavyoanza kujitambua na kuitambua rangi yake. Kazi hiyo ilisaidia kumpatia ufadhili wa Rosenwald, akajiunga na Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, ambako alitunukiwa shahada ya uzamifu mnamo 1943.

Inafaa kuzingatia mfuatano huu. Kiangazi kilizaa swali, swali likazaa tasnifu ya uzamili, na tasnifu ikafungua mlango wa uzamifu. Kama angeanza kwa kuuliza ni mada gani itakayowapendeza wateuzi wa Columbia, pengine asingeyachunguza yale aliyoyajua kwa karibu kuliko wao.

4.0 Swali na Mpangilio Wake

Utafiti uliowapatia Mamie na Kenneth Clark umaarufu ulitokana na tasnifu hiyo, na matokeo yake yalichapishwa mnamo 1947. Walitumia wanasesere wanne waliofanana kwa kila hali isipokuwa rangi: wawili walikuwa wa kahawia wenye nywele nyeusi, na wawili weupe wenye nywele za manjano. Watoto weusi 253, wenye umri wa miaka 3 hadi 7, walishiriki. Kati yao, 134 walikuwa katika shule za utengano kule Arkansas na 119 katika shule za mchanganyiko mjini Springfield, Massachusetts.

Kila mtoto aliombwa mambo manane. Manne ya kwanza yalihusu upendeleo: mwanasesere ambaye angependa kucheza naye, aliye mzuri, anayeonekana vibaya, na mwenye rangi ya kupendeza. Matatu yaliyofuata yalipima kama mtoto anazijua tofauti za rangi. La mwisho lilimtaka mtoto aonyeshe mwanasesere anayefanana naye mwenyewe.

Mpangilio huo haukuwa wa bahati. Watafiti waligundua kwamba mtoto akishajitambulisha kwanza na mwanasesere wa kahawia, majibu yake kuhusu uzuri hubadilika, kana kwamba anajitetea. Kwa hiyo swali la utambulisho liliwekwa mwisho. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa uzamili, hili ni funzo kubwa. Hojaji si orodha ya maswali tu, kwa kuwa kila swali huacha alama katika jibu la lile linalofuata.

Hata hivyo, mpangilio huo ulikuwa na gharama. Baadhi ya watoto walioulizwa swali la mwisho baada ya kumkataa mwanasesere wa kahawia walifadhaika. Wapo waliolia na waliotoka mbio chumbani. Wakati huo Marekani haikuwa na sheria ya taifa ya kuwalinda washiriki wa utafiti. Sheria hiyo ilipitishwa mnamo 1974, na misingi ya heshima kwa mtu, manufaa na haki ikatangazwa katika Ripoti ya Belmont ya 1979. Hivi leo mwanafunzi anayependekeza utafiti wa namna hii angetakiwa kueleza mapema ni wakati gani atakapoacha kumwuliza mtoto na ni nani atakayemtuliza.

5.0 Matokeo Yasiyopendeza

Asilimia 67 ya watoto walichagua kucheza na mwanasesere mweupe, na asilimia 59 walisema wa kahawia ndiye anayeonekana vibaya. Matokeo haya yaliafikiana na hofu ya watafiti kwamba mtoto mweusi alikuwa amefundishwa kujidharau akiwa bado mdogo.

Lakini kulikuwa na tokeo lingine. Watoto wa Springfield, waliosoma pamoja na weupe, walimpendelea mwanasesere mweupe kidogo zaidi kuliko watoto wa Arkansas waliotengwa. Kwa mtu anayetaka kuthibitisha kwamba shule za utengano ndizo chanzo cha madhara, tokeo hili ni mwiba. Akina Clark walilichapisha. Miaka michache baadaye, mawakili waliotetea utengano walilitumia dhidi yao. Kenneth Clark alijibu kwamba ubaguzi haukuwa wa shule peke yake, na kwamba mtoto wa kaskazini naye aliishi katika jamii iliyomdunisha. Wakosoaji wameendelea kuujadili udhaifu wa utafiti huo hadi sasa, nao wanaweza kufanya hivyo kwa sababu takwimu ziliwekwa wazi.

Mnamo Mei 17, 1954, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Brown kwamba utengano wa shule za umma ni kinyume cha katiba, na katika tanbihi ya 11 ikarejelea maandishi ya Kenneth Clark. Wakili mkuu katika kesi hiyo, Thurgood Marshall, ndiye aliyekuja kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House mnamo 1960.

Umuhimu wa uaminifu wa aina hii ulijitokeza tena katika karne ya 21. Mnamo 2011, Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha jinsi mtafiti anavyoweza kupata tokeo la uongo bila kughushi chochote: anaongeza washiriki hadi takwimu imridhishe, au anapima mambo mengi na kuripoti moja. Mnamo 2015, kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, 97 zilikuwa zimedai matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni takriban asilimia 36 zilizopata matokeo kama hayo.

Kwa mwanafunzi wa kiangazi, habari hii si ya mbali. Yeye ana wiki 10 tu, anataka barua nzuri, na anamwogopa msimamizi. Data zikikataa kuunga mkono nadharia tete, kishawishi cha kuzichokonoa hadi zikubali huwa kikubwa. Ndiyo maana maabara nyingi sasa humtaka aandike na kusajili mpango wa uchanganuzi kabla ya kukusanya data. Bango linalosema kwamba tofauti iliyotarajiwa haikuonekana, na linaloeleza kwa nini, ni bango la mtafiti kamili.

6.0 Maandalizi ya Masomo ya Juu

Tofauti na Kenya, ambako kwa kawaida mtu huhitaji shahada ya uzamili kabla ya uzamifu, nchini Marekani mwanafunzi wa saikolojia anaweza kuomba uzamifu moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza. Masomo hayo huchukua miaka 5 au zaidi, na idara nyingi humlipia mwanafunzi karo na kumpa posho, naye husaidia kufundisha au kutafiti. Kwa kuwa gharama ni kubwa, nafasi huwa chache.

Maombi mengi hufungwa mwezi wa Desemba, mahojiano hufanyika mwanzoni mwa mwaka, na Aprili 15 ndiyo siku ambayo vyuo vingi vimekubaliana kumpa mwombaji muda hadi kufikia hapo ili aamue. Kwa sababu hiyo, kiangazi kinachotangulia ndicho wakati wa kufanya maandalizi yenyewe. Mambo matatu yanastahili kuangaziwa.

Kwanza ni maelezo ya azma. Mwombaji dhaifu husimulia kwamba tangu utotoni alipenda kuwasaidia watu. Mwombaji aliyeiva hueleza swali moja, alivyojaribu kulijibu, alipokwama, na hatua ambayo angependa kuichukua. Kukwama huko hakumwaibishi. Ndiko kunakoonyesha kwamba kazi aliifanya mwenyewe.

Pili ni barua za mapendekezo, ambazo kwa kawaida huwa tatu. Mhadhiri aliyemfundisha mwanafunzi katika ukumbi wa watu 200 anaweza kutaja alama tu. Msimamizi aliyemwona akigundua kosa katika data zake na kulitangaza kabla ya kuulizwa ana la kuandika. Kwa upande mwingine, mtihani wa kujiunga na masomo ya juu, uliotegemewa kwa miaka mingi, umeachwa na idara nyingi, hasa tangu 2020. Hali hii imeyapa maelezo na barua uzito zaidi.

Tatu ni uteuzi wa msimamizi. Katika saikolojia, mwombaji huomba kufanya kazi na mtu fulani na si idara tu, hivyo hupaswa kuzisoma kazi za mtu huyo. Hata hivyo, msimamizi si lazima awe mwenye mawazo sawa. Msimamizi wa Mamie Clark katika Columbia alikuwa Henry Garrett, mtaalamu wa takwimu aliyeamini kwamba watu weusi na weupe hawalingani kiakili. Clark alijifunza takwimu kwake. Mnamo 1952, katika kesi ya Prince Edward kule Virginia, Garrett alitoa ushahidi wa kutetea utengano, na mwanafunzi wake wa zamani akaitwa mahakamani kumpinga. Alijua mbinu za mwalimu wake, na alijua pia zilikokomea.

7.0 Swali Hilohilo kwa Kiswahili

Msomaji anaweza kuuliza haya yote yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili. Jibu linapatikana mara tu mtu anapojaribu kuyatafsiri maombi manane ya akina Clark ili yatumiwe na watoto wa Kenya.

Ombi la kutoa mwanasesere aliye mzuri linamlazimu mfasiri kuchagua. Kiswahili hutenganisha "mzuri" na "mwema". La kwanza huelekea sura na ubora kwa jumla, la pili huelekea tabia. Kwa upande wa kinyume, neno "mbaya" hubeba yote mawili: mtu wa sura isiyovutia na mtu mwovu. Mtoto akimwonyesha mwanasesere kwa neno "mbaya", mtafiti hajui amejibu swali lipi. Aidha, kusema "anayeonekana mbaya" si sawa na "anayeonekana vibaya". Kiambishi kimoja kinaligeuza swali, kwa kuwa la pili linaweza kueleweka kuwa mwanasesere haonekani sawasawa.

Majina ya rangi yana utata zaidi. Nchini Kenya neno "mweupe" hutumiwa kwa Mwafrika mwenye ngozi angavu, ilhali "Mzungu" hutaja asili ya mtu. Mtoto anayeombwa mwanasesere "mweupe" na yule anayeombwa "wa Kizungu" wameulizwa mambo mawili tofauti. Tena mwanasesere wa kahawia katika utafiti wa awali angeweza kuitwa "maji ya kunde" na mtoto wa Kenya, na mtoto huyo akaona hakuna "mweusi" mbele yake. Akina Clark walitumia majina mawili ya Kiingereza cha wakati wao kuwarejelea watu weusi, kila moja katika ombi lake. Kiswahili hakina jozi inayolingana nayo, kwa hiyo maombi manane yangekuwa saba, au moja lingebuniwa upya.

Mbinu iliyopendekezwa na Richard Brislin mnamo 1970 ni kumpa mtu mmoja atafsiri, kisha mwingine ambaye hajaiona matini asilia airudishe katika lugha ya kwanza, ili tofauti zijitokeze. Mbinu hii inafaa lakini haitoshi. Wafasiri wote wawili wanaweza kukubaliana kwamba "bad" ni "mbaya", na utata ukabaki palepale. Anayeweza kuuona ni mjuzi wa semantiki ya Kiswahili aliyeketi na watoto na kuwasikiliza wakiyatumia maneno hayo.

Hii ni kazi ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuianza katika likizo ndefu. Anaweza kuchukua chombo kimoja cha saikolojia, akachunguza istilahi zake, na kuandika sababu ya kila uamuzi wa tafsiri. Akinuia kuwahoji watoto, itambidi apate kwanza kibali cha kamati ya maadili, leseni ya tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, ambayo misingi yake imo katika sheria ya 2013, na ridhaa ya wazazi. Kupitia hatua hizo kwenyewe ni maandalizi ya uzamili.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kiangazi cha utafiti humwandaa mwanafunzi kwa masomo ya juu pale kinapompa swali, kinapomfunza kuliuliza bila kuliharibu, na kinapomjaribu kwa tokeo asilolitaka. Mamie Phipps Clark alilipata swali lake akiwa karani, akalitafiti kwa wanasesere, na hakulificha tokeo lililowafaa wapinzani wake. Imebainika pia kwamba vipimo vya saikolojia husimama juu ya maneno, na maneno yakiteleza, takwimu huteleza pamoja nayo. Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili na za saikolojia katika vyuo vikuu vya Kenya zishirikiane kuwasimamia wanafunzi wa shahada ya kwanza katika tafiti ndogo za likizo, hasa za kusanifu hojaji za Kiswahili zinazowalenga watoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka uzamili hana budi kuinama mapema juu ya swali lake.